Wati Elfu Kumi za Stika

Luthuli Avenue Jumamosi mchana ni vita. Kila duka imetoa wufa zake hadi kwa mlango. Hapa inadunda Gengetone, duka ya pili ni rhumba, ng'ambo ni gospel, na hakuna msee anasikia kitu. Ukikanyaga tu hapo unashikwa mkono. "Kasta wangu, ingia ndani, kuangalia ni bure!" Ukiingia, morio wa duka hakuulizi unataka spika ya kazi gani. Anashika kile kifungo cha besi, anakizungusha hadi mwisho, shati yako inaanza kutetemeka, alafu anakucheki usoni aone kama umeiva. Kisha anakuonyesha stika: 10,000W PMPO. Mahesabu ya mfuko inakufia hapo hapo.

Wacha nikuchanue kabla ganji itoke. Hiyo PMPO si kipimo, ni hekaya. Hakuna sheria inasema inapimwa aje, so kila kiwanda inajipimia na kamba yake. Namba yenye ina maana inaitwa RMS, nguvu yenye mashine inaweza kutoa mfululizo bila kuchoka, na wanaoficha RMS wanajua kwa nini wanaificha. Lakini hata wakiificha, geuza hiyo wufa nyuma. Kuna ka-stika kengine kadogo, hakana rangi, hakuna mtu hukasoma: AC 220–240V, 50Hz, 45W. Huko ndio ukweli umelala. Hizo 45 ndio stima yenye mashine inavuta kwa ukuta, na zingine zinapotelea kwa joto. Haiwezi kuvuta wati 45 alafu ikutolee elfu kumi, labda ikuwe inaomba usiku.

Fungua hizo wufa za bei ya chini na mara mingi utapata ndani kumekaa chipu ka TDA2030, yenye ikishughulikiwa vizuri inatoa kitu ka wati 14 safi. Na manze, hiyo si matusi. Wati 14 za ukweli kwa keja ya ten by ten zinatosha kukuletea caretaker. Shida si udogo wa wati, shida ni vile ulipa bei ya stika.

Mimi sichukii wufa. Nganya ya Rongai bila besi si nganya, ni basi ya shule. Pale kuna injini, kuna upepo, kuna konda anapiga mluzi, kuna watu zaidi ya thelathini na koti zao zinameza sauti. Lazima kitu idunde ndio isikike. Lakini wewe uko kejani, umekaa mita moja kutoka kwa skrini, mlango umefungwa. Besi ya Hz 40 iko na wimbi ya urefu wa karibu mita nane na nusu. Keja yako ni mita tatu kwa tatu. Hiyo wimbi haina pahali pa kujinyoosha, inagonga ukuta inarudi, inajikusanya kwa kona, na unachosikia si ngoma tena, ni mvumo. Jirani ndio anasikia ngoma.

So swali yenye morio wa duka alifaa kukuuliza ni hii: unacheza nini? Juu kama ni EA FC na mbogi, kitu inabamba ni mtangazaji, mashabiki, na ule mlio wa mpira ikigonga mlingoti. Kama ni Call of Duty, unataka kusikia nyayo za msee anakuja na kushoto kabla akumalize. Kama ni laptopu ya kuangalia series na ku-edit video za TikTok, unataka maneno yasikike bila kuongeza volumu hadi mwisho. Hiyo yote inakaa katikati na juu ya sauti, si chini. Sikio ya binadamu iko makini sana kati ya Hz 2,000 na 5,000, na hapo ndio wufa nyingi za bei rahisi zimelala. Pesa yote imeingia kwa lile boksi kubwa la mbao na mataa za kumeta. Zile spika mbili ndogo za pembeni ni plastiki tupu, ukizibeba unaweza kudhani zimesahauliwa kuwekwa kitu ndani. Matokeo: mtangazaji anabonga ka msee amefungiwa ndani ya tangi ya maji.

Kingine, na hii naiona kila keja naingia: msee amenunua 2.1, alafu zile ndogo mbili amezipanga juu ya wufa, zimebanana, juu stendi ya TV imejaa. Kushoto na kulia zimekuwa pahali pamoja. Nyayo za adui zinatoka katikati ya friji. Hapo ulinunua spika tatu ukapata moja.

Msimamo wangu ndio huu, na tumebishana na maboyz wengi kuuhusu: ka bajeti ni ndogo, nunua spika mbili peke yake, 2.0, zenye zina uzito, na usahau wufa kwanza. Ganji kidogo ikigawanywa mara mbili inafika mbali kuliko ikigawanywa mara tatu plus Bluetooth, redio ya FM, pahali pa flashi, rimoti na taa za disko. Kila kitu kwa hiyo boksi umeilipia, hata hizo taa.

Lakini kabla bei, kuna kitu yenye inachoma wasee vibaya zaidi: pahali pa kuchomeka.

Kitambo haikuwa stori. PS2 ilitoka 2000 na kila mtoi wa mtaa anajua zile kebo tatu: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Njano kwa TV, nyeupe na nyekundu nyuma ya wufa yoyote ile, kumeisha. Hata PS3 ilikubali mambo hiyo. Alafu PS4 ikakuja 2013 ikatupa hizo kebo nje, ikabaki na HDMI na optiko, kale ka-jeki ka mraba kenye kanatoa mwanga nyekundu. 2016 wakatoa Slim, hata optiko wakaitoa. Pro ya mwaka huo huo ikabaki nayo. PS5 ya 2020 haina kabisa. So msee anatoka tao na wufa ya kebo nyeupe na nyekundu, anafika keja, anazungusha PS5 mbele na nyuma ka anatafuta kiroboto, hakuna pa kuchomeka. Anarudisha dukani anaambiwa mali ikishatoka hairudi.

Njia ziko. Ya kwanza ni kupitia TV yenyewe: HDMI inapeleka kila kitu kwa TV, alafu unatoa sauti kwa jeki ya hedifoni ya TV na kebo ya jeki moja kwa nyeupe na nyekundu. Hiyo kebo ni soo kadhaa tu, na kuna uzuri yake: mara mingi volumu inafuata rimoti ya TV, huhitaji kuamka. Chunga tu usidanganywe na zile tundu nyeupe na nyekundu nyuma ya TV. Kwa TV mingi zimeandikwa AV IN, yaani ni za kuingiza. Unaweza kaa hapo usiku mzima ukilaani kebo na kebo haina makosa.

Ya pili ni ya wale TV yao haina jeki ya hedifoni lakini iko na optiko. Utahitaji ka-boksi kadogo ka kugeuza, mnyonge tu, kanaingiza optiko kanatoa nyeupe na nyekundu. Hapa ndio watu hurudi dukani na hasira wakisema imeharibika. Haijaharibika. Hako ka-boksi ka bei ya chini kanaelewa PCM peke yake. Ingia kwa setingi za TV, tafuta sauti ya dijitali, toa Dolby ama Auto, weka PCM. Sauti inakuja hapo hapo.

Ya tatu iko mkononi mwako tayari na wengi hawajai fikiria: pedi. Ya PS4 na ya PS5 zote ziko na jeki ya hedifoni. Chomeka spika hapo, ingia setingi, ambia mashine ipeleke sauti yote kwa hedifoni. Inafanya. Shida ni waya unavutana na wewe kila ukipiga penati, na chaji inaisha mbio. Kwa msee mmoja anacheza akiwa kwa meza, ni sawa. Kwa mbogi ya watu wanne wanabadilishana pedi, mtavunja kitu. Afadhali ka-kadi ka sauti ka USB, kale kadogo ka ukubwa wa flashi. Mingi yazo PS4 na PS5 zinazikubali bila maswali, unachomeka mbele ya mashine na spika inaingia hapo.

Na Bluetooth? Buda, wacha. Kwanza PS4 na PS5 hazitaki kuongea na spika ya Bluetooth, utajaribu hadi uchoke. Nintendo Switch nayo ilianza kukubali 2021, lakini ile ina jeki yake ya hedifoni, so sioni haja. Ukijaribu kupitia Bluetooth ya TV, sauti inaweza kuchelewa milisekunde mia mbili hivi. Inasikika ka kitu kidogo. Lakini gemu inakimbia picha 60 kwa sekunde, so ushapitwa na picha kumi na mbili kabla usikie. Mpira iko ndani ya neti, mlio wa kiatu ndio unafika. Kwa muziki hakuna shida, kwa movie TV zingine zinajirekebisha. Kwa gemu, waya ndio mpango.

Kompyuta haina hii drama yote. Jeki ya kijani ama ile moja ya laptopu, umemaliza. Kitu moja tu: kuna ule mvumo wa "zzzz" wenye unatokea ukichomeka chaja ya laptopu na unapotea ukiichomoa. Usiende kubadilisha spika. Ni chaja na spika zinapitishiana stima kwa waya wa athi. Jaribu kuzichomeka kwa ekstensheni moja kwanza. Ikikataa, kadi ya USB haisaidii kila mara, lakini kuna ka-kifaa kadogo ka kukata huo mvumo, kanakaa katikati ya kebo, na hakalii pesa.

Sasa ganji. Ka uko na thao moja peke yake, chukua zile spika mbili ndogo za USB na usitarajie maajabu. Angalia tu zisiwe za plastiki ya kukunjika. Thao tatu hadi nne hivi ndio pahali mambo inaanza kuwa tamu. Pale kuna Creative Pebble, mipira miwili midogo inaangalia juu kwa digrii 45, wati 4.4 peke yake kwa jumla, na hapo ndio utajua wati si hoja. Nguvu inatoka kwa USB, sauti kwa jeki, so unaweza chomeka USB kwa PS yako na jeki kwa TV. Hazidundi. Zinasema ukweli. Ka roho yako bila wufa haitulii, Logitech Z313 iko na wati 25 RMS, kumi na tano za wufa na tano tano za pembeni, na wanaandika hivyo waziwazi. Ukipita thao kumi unaanza kuona Edifier R1280T, wati 42, mbao, na tundu pea mbili nyuma, so kompyuta na TV zote zinakaa zimechomekwa. Hizo ukishaweka kwa meza huna haraka ya kununua zingine.

Mimi lakini nikiwa na thao nne siendi dukani. Naenda kwa mtumba.

Zile hi-fi za kitambo zenye mzae fulani ameuza, zile za kuja kwa kontena kutoka Uingereza na Japani, mara nyingi mashine yenyewe imekufa na wanauza spika mbili za mbao peke yake kwa bei ya kutupa. Spika ya mbao haizeeki vile redio inazeeka. Chenye huwa inaisha ni ile foamu ya kuzunguka koni. Iguze na kidole: ikibomoka ka keki ya jana, achana nayo ama ushushe bei hadi ya kubadilisha foamu. Kisha weka vidole vinne kuzunguka koni, sukuma pole pole, sawa pande zote. Ikiteleza kimya, fiti. Ukisikia kakwaru ka mchanga, koili ndani inasugua, rudisha.

Beba betri moja ya AA na waya mbili. Gusisha chanya ya betri kwa nyekundu ya spika, hasi kwa nyeusi, sekunde moja tu. Koni iruke mbele. Ikivutwa nyuma, kuna fundi aligeuza waya huko ndani. Moja ikiwa imegeuzwa na ingine haijageuzwa, zitapingana, na besi yote itapotea kejani usijue imeenda wapi. Muuzaji atakuangalia ukifanya hii na betri, atanyamaza, na ghafla bei itaanza kuteremka bila wewe kuuliza. Hapo umeshajulikana si wa kuingizwa box.

Ya kuzisukuma, tafuta ka-bodi ka amplifaya kenye chipu ya TPA3116. Ni kadogo, kanakaa kwa kiganja, kanakubali volti 12 hadi 24. Na unajua ni nini iko na volti 19 na imelala kwa droo yako? Chaja ya ile laptopu ilikufa. Kata mdomo ka hauingii, fundi akuuzie jeki ya bei ya mbao mbili, chomeka. Kitu yenye inatoka hapo itaaibisha wufa nyingi za mataa.

Onyo moja ya hizi za Japani: ka unanunua na mashine yake, soma nyuma. Huko stima yao ni volti 100. Ukuta wako ni 240. Ukiichomeka vivyo hivyo utasikia mlio mmoja tu wa mwisho, na harufu. Spika tupu haina hiyo shida, juu haichomekwi kwa ukuta.

Kama bado unaenda duka, usitest na ngoma yao. Ngoma ya duka imechaguliwa kudanganya. Beba simu na ngoma yenye unaijua hadi pumzi za msanii, na kipande cha mtu anaongea tu. Ambia morio, kwa heshima, "Mkubwa, rudisha besi katikati, na uweke volumu chini." Atakataa kidogo. Volumu ya chini ndio inaanika spika mbaya, juu kwa volumu kubwa kila kitu inasikika tamu. Zungusha kifungo pole pole usikie kama kinakwaruza. Zima ngoma uwache spika ikiwa imewaka, weka sikio karibu: ka inapuliza "shhh" ukiwa dukani na kelele zote hizo za nje, kejani usiku itakufanya wazimu. Hapo ndio unabonga bei, na M-Pesa inatumwa mwisho, risiti ikiwa mkononi. Na usipelekwe duka na broka wa barabara, juu cut yake inatoka kwako.

Ukifika keja, usiziweke chini wala ndani ya kabati. Zikuwe urefu wa masikio, zinakuangalia, umbali kati yao ukaribiane na umbali kutoka kwao hadi kwako. Zikiwa chini ya masikio, inua pua ya spika na kitabu. Zitoe kwa kona. Ukuta tupu wa simiti unapiga mwangwi, so pazia nzito, kapeti, hata godoro limesimama nyuma yako litafanya kazi yenye hakuna amplifaya itafanya. Na stima ikipotea, chomoa. Ile ya kurudi inakujanga na hasira, na ka-gadi ka TV ni bei rahisi kuliko spika.

Alafu kuna wasee wa mabati. Ka ukuta wako na wa jirani ni bati moja, hakuna spika nitakushauri, hata ya bure. Chukua earphone za soo tatu, chomeka kwa pedi, cheza hadi asubuhi. Utasikia nyayo za adui kuliko msee wa wati elfu kumi, na mathe wa upande ule, mwenye anaamka saa kumi kwenda Gikomba, atalala.